Kabla hamjatuma mtaalamu mwingine wa kujitolea, mpeni mwenyeji mkataba

Waheshimiwa wakurugenzi wa mashirika yanayotuma watu kwenda kujitolea nchi za nje, na waheshimiwa makatibu wakuu wa wizara zinazowapokea,

Salamu. Mimi ni miongoni mwa wale mnaowataja katika ripoti kwa neno moja tu, "wenyeji". Kazi yangu ni kuratibu vikundi vya kuweka na kukopa na kuwashika mkono wenye biashara ndogo. Mtaalamu wa kujitolea akiletwa, sisi ndio tunaompokea, tunamtafutia pa kuishi, tunampeleka kujitambulisha kwa viongozi, tunakaa pembeni yake kwenye vikao tukimtafsiria, na jioni tunamweleza kwa nini yule mama aliyeitikia "sawa" mara tatu hakukubaliana naye hata kidogo. Akimaliza muda wake tunamsindikiza. Kesho yake tunafungua ofisi kama kawaida.

Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema ili msihangaike kulitafuta. Msimtume wala kumpokea mtu wa kujitolea katika kazi ya biashara ndogo na uchumi wa jamii kabla mwenyeji atakayefanya naye kazi hajapata mkataba, malipo, muda uliotengwa rasmi na haki ya kusema hapana. Mengine yote humu ni sababu.

Nimechagua kuandika sasa kwa kuwa Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanaojitolea kwa Maendeleo Endelevu. Hotuba zitakuwa nyingi, na tarehe 5 Desemba, siku ya kimataifa ya kujitolea, zitakuwa nyingi zaidi. Sina ugomvi na hotuba. Ila mwaka kama huo ungefaa pia kutumika kurekebisha jambo moja la kiofisi ambalo limeachwa hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka 60.

Tuangalie lilikotoka. VSO, shirika la Uingereza la kutuma watu kujitolea, lilianza mwaka 1958. Peace Corps ya Marekani ilianzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961, Japani ikaanza kutuma vijana wake mwaka 1965, na mpango wa Umoja wa Mataifa wa kujitolea, UNV, ukaundwa mwaka 1970. Nchi nyingi zilikuwa zimepata uhuru juzi tu, shule zilikuwa na madarasa yasiyo na walimu na hospitali zilikuwa na wodi zisizo na madaktari. Kumtuma mtu akazibe pengo lile kulikuwa na mantiki yake. Mwalimu wa hesabu akishuka kwenye basi Jumapili, Jumatatu watoto wanasoma hesabu.

Baadaye utaratibu ule ule ukahamishiwa kwenye biashara. Uholanzi ikaanzisha PUM mwaka 1978, Ujerumani SES mwaka 1983, zote zikiwatuma wataalamu wazoefu, wengi wao wastaafu, kwenda kushauri kampuni na wajasiriamali. Peace Corps nayo leo ina sekta nzima ya maendeleo ya uchumi wa jamii. Lakini biashara ndogo haina kiti kitupu kinachomsubiri mgeni. Sokoni watu wamejaa tayari. Anayeuza anajua nani anauza kwa bei ya jumla, nani hapunguzi bei, polisi gani anapita saa ngapi, mteja gani hulipa na yupi huhama mtaa. Anayekuja kumshauri mtu huyo anahitaji kwanza mtu wa kumwonyesha kilichopo, na huyo wa kumwonyesha ndiye mliyemsahau kwenye bajeti.

Mnapenda ushahidi, na ushahidi upo. Watafiti watatu, Brooks, Donovan na Johnson, walifanya jaribio Dandora, Nairobi, na kulichapisha mwaka 2018. Waliwachukua wanawake vijana wenye biashara ndogo. Wengine wakapelekwa darasani kufundishwa usimamizi wa biashara kwa utaratibu unaofahamika. Wengine wakaunganishwa kila mmoja na mwanamke mzoefu, aliyefanikiwa katika biashara hapo hapo Dandora. Waliokwenda darasani walibadilisha baadhi ya mazoea yao lakini faida haikuongezeka. Waliounganishwa na mwenyeji mzoefu, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Sababu kubwa haikuwa nadharia yoyote: walipata habari za mtaa ule, hasa nani anauza mali kwa bei nafuu, wakahamia kwa msambazaji mwingine, na gharama zikashuka. Uhusiano ule ulipokwisha, faida ile nayo ikaanza kufifia.

Yasomeni matokeo yale yote, pamoja na sehemu inayouma pande zote mbili. Habari iliyofanya kazi alikuwa nayo mtu wa pale pale, na hakuhitaji tiketi ya ndege. Na ilifanya kazi kwa muda ambao uhusiano ulikuwa hai. Mtaalamu wa wiki mbili hana la kwanza, na la pili hawezi kulipata hata akiwa na akili namna gani.

Sasa niwapeleke karibu kidogo. Fundi cherehani mmoja niliyemfahamu kikazi alikuwa na daftari la madeni. Ukilifungua huoni safu za hesabu. Kuna jina, aina ya nguo, kiasi kilichobaki, na pembeni alama ndogo ya kalamu. Mtaalamu aliyeletwa kumsaidia alikuwa kijana mwenye shahada ya biashara na roho nzuri kweli. Alijumlisha madeni yote, akayalinganisha na mauzo ya mwezi, akamwonyesha kwamba sehemu kubwa ya mtaji wake iko mikononi mwa wateja. Hesabu ilikuwa sahihi. Ushauri ukafuata: acha kukopesha, au weka kikomo na siku ya mwisho ya kulipa.

Ambacho hakukiona ni zile alama. Nukta moja ilimaanisha mteja hulipa mwisho wa mwezi bila kukumbushwa. Nukta mbili, huyu ni wa familia ya yule anayempa fundi vitambaa kwa mkopo, kwa hiyo deni hili na lile yanakatana yenyewe. Mstari mdogo wa mshazari, huyu hatalipa na fundi anajua hivyo tangu siku ya kwanza, lakini ndiye aliyemletea kazi ya kushona sare za shule na atamletea tena. Yale madeni ndiyo yaliyokuwa yakimpatia vitambaa na wateja. Kuyafuta kwa amri moja kungemwacha na vitabu safi na cherehani iliyolala.

Mwenyeji aliyepangiwa kufanya kazi na kijana yule alizijua alama zile, maana mfumo huo hutumiwa na mafundi wengi anaowatembelea. Siku ile hakuwepo. Alikuwa kwenye kazi inayomlipa. Kwenye mradi wenu jina lake liliandikwa kama "mshirika", malipo hakuna, na mwisho wa mwezi alikuwa na ada ya shule ya kulipa kama mtu yeyote. Fundi alimsikiliza mgeni kwa heshima zote, akamshukuru, akaendelea kukopesha. Ripoti ikaandikwa kwamba mjasiriamali mmoja amepata ushauri wa usimamizi wa fedha.

Msidhani hili ni la fundi yule peke yake. Accra, Ghana, watafiti Karlan, Knight na Udry waliwafuatilia washonaji waliopewa ushauri na washauri wa kampuni kubwa, tena bure. Washonaji waliujaribu, wengi kwa uaminifu kabisa. Faida haikupanda, na baada ya muda wakarudi kwenye utaratibu wao wa zamani. Mtu asiyejua angeita huo ukaidi. Mimi nauita uamuzi wa kibiashara uliofanywa na watu wenye biashara zao, baada ya kuona namba.

Wapo watakaosema basi tatizo ni ushauri wenyewe, tuwaache watu wafanye biashara zao. Sikubaliani. Puebla, Mexico, biashara ndogo na za kati zilipata washauri waliokuja pale pale kila wiki kwa mwaka mzima. Miaka mitano baadaye biashara zile bado zilikuwa zimeajiri watu wengi kuliko zile ambazo hazikupata huduma hiyo. Lomé, Togo, jaribio lililohusisha biashara 1,500, likachapishwa mwaka 2017, lilionyesha kwamba mafunzo ya kujenga moyo wa kuthubutu, kutafuta fursa na kutokata tamaa yalipandisha faida kwa asilimia 30, huku mafunzo ya kawaida ya biashara yakishindwa kuonyesha ongezeko la kutegemewa. Kwa hiyo msaada unaweza kufaa. Swali ni nani anautoa, kwa muda gani, na nani yuko pembeni yake kila siku.

Wala siandiki kuwafukuza wageni. Mfano ninaoupenda kuliko yote umetoka Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha vikundi vya akiba na mikopo katika eneo la Maradi. Walioanzisha hawakuleta benki. Waliangalia michango ya mzunguko ambayo wanawake walikuwa wakiifanya siku zote, wakaongeza kanuni chache, nyingine zikaja baadaye: hisa, mikopo yenye riba inayorudi kwa wanachama wenyewe, kugawana mwisho wa mzunguko, na sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, sanduku likiwa kwa mtu wa nne. Kila senti inahesabiwa mbele ya kikao kizima, hata asiyejua kusoma anasikia na kukumbuka salio. Leo utaratibu ule una mamilioni ya wanachama, na sehemu kubwa umeenezwa na wanakijiji wakiwafundisha wanakijiji wenzao. Aliyeuleta kutoka nje alikuwa na kitu cha kutoa, kwa sababu alianza na kilichokuwepo.

Na hata sasa yapo ambayo mgeni anayaweza kuliko sisi. Anajua mnunuzi wa kwao anataka lebo ya namna gani, cheti gani, sampuli ipelekwe kwa nani. Anaweza kumpigia simu mtu ambaye simu yetu hataipokea. Akiingia benki na mwenyekiti wa kikundi, meneja hutoka ofisini kuja kuwalaki. Inakera, lakini ni kweli, na kikundi chenye akili hukitumia kile kidakika. Pia anauliza maswali ambayo sisi tuliacha kuyauliza. Mtu akiuliza "kwa nini wote mnauza kitu kile kile?" kikao hucheka, halafu hunyamaza. Hayo yote yana thamani. Lakini hakuna hata moja linaloendelea akiondoka kama hakuna mtu aliyelipwa kulishika.

Tuje kwenye muda. Kuna programu zinazompeleka mtu kwa miaka miwili, kama Peace Corps na ile ya Japani, na Peace Corps humpa kwanza takriban miezi mitatu ya mafunzo, lugha ikiwemo. Hao nawavulia kofia. Kuna nyingine za wiki mbili au tatu. Sisemi za wiki mbili zifutwe. Fundi wa mashine ya kukamua au mtaalamu wa vifungashio anaweza kumaliza kazi yake kwa siku chache. Lakini mkiniletea mtu wa wiki mbili "kujenga uwezo wa kikundi," siku nne zinakwenda kwenye utambulisho, mbili ni za kupumzika, moja ni ya picha, na zinazobaki mwenyeji anazitumia kumfundisha mgeni. Huyo mwenyeji ndiye mtoa mafunzo mkuu wa mradi wote, na ndiye pekee asiye kwenye orodha ya malipo.

(Wageni wenyewe wengi hawalijui hili. Wakilijua huona haya kuliko ninyi, na nimewaona wengine wakijaribu kuchangia kutoka posho yao. Msiwaachie mzigo huo.)

Haki ya kusema hapana inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu mtashangaa. Barua pepe huja hivi: yupo mtaalamu wa masoko, anapatikana mwezi ujao, mngependa kumpokea? Mwezi huo vikundi vinagawana akiba, hakuna mwenye nafasi ya kukaa darasani, na tatizo letu mwaka huo ni msambazaji mmoja aliyeshika bei, wala halihusu masoko. Tunajibu kwamba tutafurahi sana kumpokea. Tunajibu hivyo kwa kuwa tunajua ukimkataa mtu, ruzuku ya mwakani nayo inaweza kukukataa. Na fomu ya maombi ikija, tunajaza kile tunachojua mnacho, kwa sababu nafasi ya kuandika tunachohitaji ina mistari miwili. Halafu mnaandika kwamba mradi "uliombwa na jamii". Jamii iliombwa kuomba.

Ndiyo maana nataka kukataa kuandikwe kwenye mkataba, kwa maneno ya wazi kwamba shirika mwenyeji likikataa mtu, au likaomba aje msimu mwingine, hilo halitahesabiwa dhidi yake. Bila sentensi hiyo kwenye karatasi, hakuna atakayethubutu.

Kwenye vipimo nitapita haraka, maana yamesemwa mengi. Acheni kuhesabu waliofunzwa. Rudini miaka miwili baada ya mgeni kuondoka, bila mgeni, mkamuulize mwenye biashara amebakiza nini na ameacha nini, na kwa nini. Mwenyeji awe mmoja wa waulizaji, na ripoti ile aipate yeye kwanza.

Mtaniambia sasa habari ya fedha. Nimeyasikia mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba mwenyeji akilipwa, moyo wa kujitolea utakufa. Mgeni wenu anapewa tiketi, bima, nyumba na posho ya kujikimu. UNV huilipa kila mwezi, na Peace Corps humpa pia kiasi cha kuanzia maisha anaporudi kwao. Hakuna anayesema moyo wake umekufa, na ni sawa, kwa sababu mtu akijitolea haachi kula. Namwombea mwenyeji hesabu hiyo hiyo. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mkilipa kwa viwango vya mashirika ya kimataifa mtawavuta watu wazuri kutoka kwenye biashara zao na ofisi za serikali, kisha mradi ukiisha wanabaki hewani. Ni kweli, nimeona. Dawa yake ni kulipa kwa saa za kazi, kupitia shirika mwenyeji, kwa kiwango cha shirika lile lile. Mama mwenye duka akitumia nusu siku kila wiki kumwongoza mjasiriamali mchanga na kumsahihisha mtaalamu wenu, alipwe nusu siku ile na abaki na duka lake. Duka lenyewe ndilo linalompa cha kufundisha.

Wala siombi kitu ambacho hakijawahi kujaribiwa. Mpango wa International Citizen Service wa Uingereza, ulioanza mwaka 2011, uliwaweka vijana wa Uingereza na wa nchi mwenyeji katika timu moja, wakiishi na kufanya kazi pamoja kwa wiki kadhaa. Peace Corps humpangia mtu wake mwenza wa kazi. Msingi upo. Kinachokosekana ni kumtoa mwenza huyo kwenye fadhila na kumweka kwenye ajira.

Kama bado mnaona ni jambo dogo, kumbukeni Machi 2020. Peace Corps iliwaondoa karibu watu 7,000 kutoka nchi zaidi ya 60 kwa sababu ya korona, wengine wakipata siku moja au mbili za kufunga mabegi. Wa kwanza kurudi walifika Machi 2022. Katika miaka ile miwili, kazi yoyote iliyoendelea iliendelea kwa mikono ya wenyeji, maana hapakuwa na mikono mingine. Palikuwa na vikundi vya kukutanisha bila kuambukizana, mikopo ya kuahirisha, masoko yaliyofungwa na wauzaji waliohitaji njia nyingine ya kuuza. Wageni wakarudi, matangazo ya kurejea kwao yakaandikwa. Waliobaki hawakuandikiwa hata barua ya utumishi ya kuonyesha wanapoomba kazi kwingine.

Waheshimiwa wa wizara, ninyi mna njia fupi kuliko mashirika. Mnatoa vibali. Ongezeni sharti moja kwenye kibali cha mtu anayekuja kushauri biashara ndogo: nakala ya mkataba wa mwenyeji iambatishwe. Shirika lisilo na mwenyeji mwenye mkataba lisipewe kibali mpaka ampate. Haihitaji sheria mpya, na haiongezi gharama kwenye bajeti yenu. Itapunguza pia wale wakala wanaowatoza vijana fedha nyingi ili waje "kusaidia", kisha wanawaacha kwenye mlango wa kikundi ambacho hakikuwa na taarifa.

Mkataba wenyewe ni kurasa mbili. Jina la mwenyeji na kazi yake. Saa kwa wiki na malipo yake. Nani anaamua ratiba. Kifungu cha kukataa. Kifungu cha kurudi baada ya miaka miwili. Vifaa na takwimu vinabaki kwa nani mgeni akiondoka. Barua ya utumishi mwishoni. Rasimu tunaweza kuiandika sisi wenyewe na kuwaletea ndani ya mwezi huu. Tuelekezeni tu tuipeleke kwenye ofisi gani na kwa nani, kwa sababu hadi leo njia pekee tuliyo nayo ya kuwafikia ni kumpa mgeni barua awapelekee.

Wenu katika kazi,

Mratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa